Petroli Hii 'Nzuri' Ina Uzuri Gani?

Asubuhi ya siku ya kufungua shule, nilisimamisha gari langu katika kituo kimoja cha mafuta, nikiwa na haraka ya mtu anayejua kwamba gwaride litaanza bila yeye. Kijana wa pampu, ambaye niliwahi kumfundisha, alinisalimu kwa adabu zote, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nikuwekee ile nzuri ama hii ya kawaida?" Kwenye pampu ya pili alikuwapo mzazi mmoja wa shule yetu, bwana mwenye gari kubwa la kisasa, na macho yake yalikuwa kwangu. Nikajikuta nimejibu, "Weka ile nzuri."

Nililipa zaidi ya nilivyokusudia, nikashika njia. Kilichoniuma hadi nikafika shuleni si zile fedha, ingawa nazo ziliniuma. Ni lile neno. Nzuri kwa nini? Nzuri kwa nani? Mimi ni mwalimu wa kemia. Kwa zaidi ya miaka 20 nimewaimbisha vijana wa kidato cha tatu majina ya alkani kumi za kwanza, kuanzia methani hadi dekani. Ya saba na ya nane katika wimbo huo, yaani heptani na oktani, ndizo hasa zinazotumiwa kupimia mafuta yanayouzwa pale kituoni. Hata hivyo, nilipoulizwa swali la somo langu mwenyewe mbele ya mwanafunzi wangu mwenyewe, nilijibu kwa haya wala si kwa elimu.

Nimeona leo nilijibu upya. Najua siko peke yangu, kwa kuwa magari yaliyoegeshwa nje ya vyumba vya walimu nchini humu mengi yamenunuliwa kwa mikopo ya vyama vya akiba, na kila shilingi inayoingia tangini imetoka katika mshahara uliokwisha kukatwa. Mnamo Septemba 2023 lita moja ya super ilipita shilingi 200 jijini Nairobi. Mtu anayeongeza kitu juu ya bei za namna hiyo ana haki ya kujua anaongezea nini.

Tuanze na namba. Wengi wetu tukisikia petroli ya 91, ya 95 au ya 98 hudhani kuwa tunaambiwa nguvu zake, kama apimavyo mtu ukali wa pilipili. Sivyo. Namba ya oktani hupima subira. Petroli iingiapo katika silinda huchanganyika na hewa. Pistoni hupanda na kuufinya mchanganyiko huo, nao hupata joto kwa kule kufinywa tu. Yeyote aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono analijua jambo hili, maana pampu yenyewe huwa moto. Petroli inatakiwa ivumilie joto hilo hadi plagi itoe cheche. Cheche ikitoka, moto huanzia penye plagi na kutambaa kwa mpango hadi pembeni, ukiisukuma pistoni chini. Lakini petroli isiyo na subira hulipuka yenyewe kule pembeni kabla moto wa plagi haujaifikia, mfano wa yule mwanafunzi anayepaza jibu kabla mwalimu hajamaliza swali. Mlipuko huo wa pili hutoa mawimbi yanayogonga kuta za silinda, na dereva husikia mlio mkavu kama wa kokoto ndani ya mkebe, hasa gari linapopanda mlima kwa gia kubwa. Mambo yakiendelea hivyo kwa muda mrefu, pistoni yenyewe huweza kutoboka.

Huko ndiko kugonga ninakokusudia katika makala haya. Mafundi wetu wana neno lao, "kunoki", ila wao hulitumia zaidi kwa injini iliyokufa kwa kukosa oili, na hayo ni maradhi mengine kabisa ambayo petroli ya bei yoyote haiwezi kuyaponya.

Katika miaka ya 1920 mkemia Mmarekani aitwaye Graham Edgar alihitaji rula ya kupimia tabia hii. Alichagua vitu viwili. Cha kwanza ni heptani nyoofu, ambayo hugonga vibaya mno, akaipa sifuri. Cha pili ni aina moja ya oktani yenye matawi, ambayo walimu wenzangu wataitambua kama 2,2,4-trimethilipentani. Hiyo ni vumilivu sana, akaipa 100. Petroli inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za oktani hiyo na sehemu 5 za heptani huitwa 95. Basi. Hakuna mahali katika rula hiyo palipopimwa nguvu, wala kasi, wala usafi. Lita ya 95 na lita ya 91 zina nishati zinazokaribiana sana. Tena ikiwa oktani imepandishwa kwa kutiwa ethanoli, lita hiyo ya bei ghali huwa na nishati pungufu kidogo, kwa kuwa ethanoli ina kama thuluthi mbili tu za nishati ya petroli.

Hapa pana zawadi ya bure kwa mwalimu ambaye amekuwa akiulizwa kila mwaka isoma zina faida gani maishani. Chukua atomi 8 za kaboni na 18 za hidrojeni. Zipange kwa mstari mmoja, nawe utapata mafuta ambayo namba yake iko chini hata ya sifuri. Zipange zile zile kwa matawi yale matatu, nawe utapata 100. Vitu ni vile vile kwa idadi na kwa uzito. Mpangilio tu ndio uliobadilika. Nimewahi kulifundisha jambo hili kwa mchoro wa ubaoni na kuliona likilala. Siku nilipolifundisha kwa habari ya gari, hata walalao nyuma waliamka.

Je, subira hiyo ina faida gani? Ina faida kubwa, ila si kwa kila injini. Kadiri mchanganyiko unavyofinywa zaidi kabla ya kuwashwa, ndivyo injini inavyochuma kazi nyingi zaidi kutoka kwa mafuta yale yale. Kwa hesabu za darasani, za injini isiyopoteza chochote, injini inayoufinya mchanganyiko mara 8 hugeuza kama asilimia 56 ya joto kuwa kazi, ilhali inayoufinya mara 10 hufikia asilimia 60. Injini za kweli hupata pungufu sana ya hapo, lakini mwelekeo ni ule ule. Mhandisi atakaye kufinya zaidi sharti apate mafuta yenye uvumilivu zaidi. Kwa hiyo oktani ni ruhusa anayopewa mhandisi siku anapoichora injini. Ikishachorwa na kuundwa kwa ajili ya 91, ukiitilia 98 hukuipa kitu, kwa sababu pistoni hazitapanda juu zaidi kwa kuwa wewe umelipa zaidi. Ni kama kumvika mtoto wa chekechea sare ya kaka yake wa kidato cha nne. Kitambaa kimekuwa kingi, mtoto hakurefuka.

Ruhusa hiyo imewahi kuwagharimu wanadamu ghali kuliko fedha. Mnamo Desemba 1921, katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Marekani, Thomas Midgley aliyekuwa akifanya kazi chini ya Charles Kettering aligundua kwamba kiasi kidogo tu cha kemikali yenye madini ya risasi hukomesha kugonga. Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa katika mji huo huo. Mwaka uliofuata, wafanyakazi waliokuwa wakiishughulikia kemikali hiyo katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, walipatwa na wazimu, na watano wakafa. Biashara haikukoma. Kwa miongo mingi risasi ilitoka katika mabomba ya moshi ya dunia nzima, ikatua mavumbini na mapafuni, na madhara yake makubwa yakawa katika akili za watoto. Nasi tulikuwamo. Super ya utoto wangu ilikuwa na risasi, na shule nyingi za miji yetu zilijengwa kando ya barabara kuu, mahali ambapo watoto walivuta moshi huo tangu asubuhi hadi jioni.

Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakaazimia kuiondoa risasi katika petroli, na kufikia Januari 2006 eneo hili lote, Kenya ikiwamo, lilikuwa limeiacha. Nakumbuka vizuri hofu ya siku zile, kwamba magari yetu makuukuu yangekufa yote. Hayakufa. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Aljeria, mwaka 2021, na tangazo la kumalizika kwa kazi hiyo lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yapo hapa kwetu Gigiri. Simulizi hii siileti kwa kumtisha mtu, maana petroli ya leo haina risasi, iwe ya bei nafuu au ya bei ya juu. Naileta kwa sababu oktani haijapata kuwa kitu cha bure. Siku hizi huipata kwa kuyapitisha mafuta katika hatua za ziada kiwandani, na hatua hizo nazo hula nishati. Anayeinunua bila kuihitaji hajaharibu mfuko wake peke yake.

Sasa nawasikia wazee wenzangu wakiguna. "Mwalimu, sisi tuliyasikia mambo haya kwa masikio yetu." Ni kweli, hata mimi niliyasikia. Marehemu baba yangu alikuwa na Peugeot 504, na vituo vya mafuta vya zamani hizo vilikuwa na petroli mbili, regular na super. Mwisho wa mwezi, fedha zilipopungua, baba alitia regular. Na tulipokuwa tukipanda kutoka Mai Mahiu alituamuru tunyamaze ili aisikilize injini. Mlio ulikuwapo, wa kokoto katika mkebe. Mwezi ulipoanza alitia super na mlio ukapotea. Gari lile lilikuwa na kabureta, na wakati wa cheche yake ulikuwa umepangwa na fundi kwa bisibisi na sikio. Halikuwa na njia ya kujirekebisha likipewa mafuta ya chini. Kwa hiyo kizazi cha baba kiliposema kwamba mafuta ya bei ya juu ni bora, kilisema kweli kuhusu magari yake.

Kosa letu ni kuurithi msemo na kuisahau sababu yake. Regular imekwisha kutoweka katika vituo vyetu. Hiyo ambayo yule kijana aliiita "ya kawaida" imeandikwa super ubavuni mwa pampu. Ndiyo ile ile iliyokuwa fahari ya baba zetu, imeshushwa cheo kwa kuwekewa jirani mwenye jina refu zaidi.

Nenda sasa nje, mwalimu mwenzangu, ukafungue kifuniko cha tangi la gari lako. Ikiwa ni Vitz, Probox, Fielder ama mojawapo ya magari yale mengi yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa Mombasa, huenda ukaona karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani ambayo hujawahi kuyajali. Mara nyingi yanataja petroli ya kawaida isiyo na risasi. Kwa kanuni za Japani, petroli ya kawaida ni ile ya oktani 89 au zaidi, na ya daraja la juu ni 96 au zaidi. Gari lililochorwa kwa 89 halina shida yoyote na super iliyoagizwa kwa kufuata viwango vya nchi hii. Mwanafunzi atakayesoma kitabu cha gari la Kimarekani asishtuke akiona 87, kwani Wamarekani hutumia wastani wa vipimo viwili, na 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo kinachotumika Japani, Ulaya na kwetu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilichukua magari matatu yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida, moja la silinda 4, moja la 6 na moja la 8, kikayapa petroli ya daraja la juu. Hakikuona nyongeza ya maana ya nguvu, wala ya mwendo kwa kila lita, wala moshi haukupungua. Kilikadiria kwamba Wamarekani walikuwa wametupa zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa kuyanunulia magari ya namna hiyo mafuta yasiyoyahitaji. Mwaka 2017 kilirudi, safari hii kwa magari ambayo waundaji wake hupendekeza daraja la juu bila kulilazimisha. Hapo faida ilionekana, nayo kwa wastani ilikuwa asilimia 2.7 katika matumizi ya mafuta na asilimia 1.4 katika nguvu. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kumalizia hesabu hiyo: ikiwa mafuta yako yamezidi kwa bei zaidi ya asilimia 2.7, hutairudisha fedha yako barabarani.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Yule mzazi mwenye gari kubwa, ambaye macho yake yalinitia kiburi, huenda yeye alikuwa akinunua alichokihitaji. Magari mengi ya Ulaya yenye turbo hufinya mchanganyiko kwa nguvu kubwa, na vitabu vyake husema bayana kwamba yanalazimika kupewa 95 au 98. Humo ndani mna kihisi kinachosikiliza kugonga. Kikisikia, kompyuta huichelewesha cheche ili kuiokoa injini. Injini huokoka, lakini hupungukiwa na nguvu na kula mafuta zaidi, na ikibebeshwa mzigo mzito katika joto kali, wokovu huo unaweza usitoshe. Mtu aliyenunua gari la namna hiyo kisha akaanza kubana senti penye pampu anajidanganya kwa njia yake, sawa na mimi nilivyojidanganya kwa yangu. Neno "lazima" na neno "inapendekezwa" katika kitabu cha gari si neno moja, na wala "kawaida" si tusi.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa sana huku kwetu, nalo ni mwinuko wa nchi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Eldoret ni zaidi ya mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi. Nairobi shinikizo lake limepungua kwa karibu sehemu moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa hiyo nyepesi, hivyo kilichofinywa katika silinda huwa na shinikizo dogo zaidi na hakiko tayari sana kugonga. Ndiyo sababu katika majimbo ya milima ya Rocky kule Marekani petroli ya kawaida imekuwa ikiuzwa kwa 85, badala ya 87 ya nchi tambarare. Kompyuta za magari mapya zimeipunguza tofauti hii, lakini hazijaifuta. Basi anayeendesha gari dogo la Kijapani Eldoret, katika baridi ile, akililipia oktani ya ziada, anatibu ugonjwa ambao hewa ya kwao imekwisha kumkinga nao.

Hoja yenye uzito kuliko zote upande wa mafuta ya bei ya juu haihusu oktani hata kidogo. Inahusu usafi. Kampuni hutia katika mafuta hayo visafishaji ambavyo huzuia masizi yasigande kwenye vali na kwenye vinyunyizio vya mafuta. Hilo ni kweli. AAA hiyo hiyo mwaka 2016 ilionyesha kwamba injini iliyolishwa petroli yenye visafishaji hafifu ilipata kwa wastani masizi mara 19 zaidi kwenye vali kuliko iliyolishwa petroli yenye visafishaji vya kutosha. Mimi siwezi kulibeza jambo la mara 19. Lakini visafishaji na oktani ni vitu viwili, na vinaweza kutiwa kimoja bila kingine. Petroli ya nchi hii huagizwa kwa pamoja, hushushwa Mombasa katika meli zile zile na husafirishwa bara kwa bomba lile lile. Tofauti za kampuni na kampuni hutokana hasa na kinachoongezwa baadaye. Basi muuzaji na aseme wazi anachokiuza. Kama ni oktani, aitaje namba. Kama ni sabuni, aseme ni sabuni, nami niamue kama naitia kila wiki au mara moja kwa kipindi. Kuvifunga vyote viwili katika jina moja tamu ni kuniuzia mkungu mzima nilipotaka ndizi mbili.

Najua pia wako wanaonunua ya bei ya juu kwa woga. Wanasema, "Angalau hii haijachanganywa." Woga huo una chimbuko. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, na petroli iliyochanganywa nayo hugonga hata katika injini pole. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Walioulipa ni pamoja na akina mama wanaopikia stovu, ambao hawajapata kumiliki hata pikipiki. Lakini uchanganyaji ni wizi, na mnunuzi hapaswi kumlipa mtu ziada ili asiibiwe. Ulinzi huo ni wajibu wa wakaguzi wa viwango na wa EPRA, na tumekwisha kuulipia katika kodi.

Nina mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu, na ameniruhusu niseme haya bila kumtaja. Gari lake dogo lilianza kutetemeka na kula mafuta. Badala ya kulipeleka kwa fundi alilihamishia kwenye petroli ya bei ya juu, na kwa miezi minane alituapia kwamba analiona likibadilika. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 20 kwa lita na mtu anatia lita 20 kwa juma. Hizo ni shilingi 400 kwa juma, na kwa mwaka ni shilingi 20,800, kiasi kinachokaribia karo ya muhula wa kwanza ya mtoto mmoja katika shule nyingi za bweni za umma. Mwishowe gari lilimzimikia njiani mvua ikinyesha. Fundi aliyekuja alitoa plagi moja iliyopasuka na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi hata kikafanana na kiota cha mbayuwayu. Dawa ya vyote viwili haikufika bei ya tangi moja. Nilimwuliza kama miezi ile minane aliyaona kweli mabadiliko. Akacheka, akasema aliyaona kila alipotoka kulipa.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni dogo. Marekani, sheria huwataka wauzaji kuibandika namba ya oktani kwenye kila pampu, mahali mnunuzi anapoiona kabla ya kushika mfuko. Kwenye pampu nilizosimama mbele yake humu nchini nimesoma jina na bei, namba sijaiona. Orodha ya bei ambayo EPRA huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi hutaja super, dizeli na mafuta ya taa. Haya mafuta ya majina marefu hayana mstari wake. Namba mbili zilizoandikwa kwa rangi nene kwenye pampu zingetosha kumwezesha mtu kuzilinganisha na zile zilizo katika kifuniko cha tangi lake. Nasi walimu, tunapofika katika mada ya alkani, tunaweza kuwatoa vijana nje kwa dakika 10 wakasome kilichoandikwa kwenye magari yetu. Mwaka jana niliwatoa wangu. Msichana mmoja aliniletea taarifa kwamba gari la mkuu wa shule limeandikwa 95 na langu halikuandikwa kitu anachoweza kukisoma, kisha akaniuliza mimi hununua gani. Nilimwambia ukweli, naye akaandika jibu langu katika daftari.

Juma lililopita nilirudi katika kituo kile. Kijana alikuwapo, na swali lake halikuwa limebadilika. Nikamwuliza, "Hiyo nzuri oktani yake ni ngapi?" Alitabasamu kama mtu aliyerudishwa darasani ghafla, akasema, "Mwalimu, hiyo hawajatuambia," akaenda kumwuliza msimamizi wake. Msimamizi alitoka ofisini, akaitazama pampu upande wa mbele, akazunguka akaitazama upande wa nyuma. Magari yalikuwa yamekwisha kupanga mstari nyuma yangu na mmoja alianza kupiga honi. Nikamwambia anitilie super ya shilingi 1,000.